Tela Letu na Paa la Mama

Kila tunapokutana na Waswahili wenzetu wa eneo hili la Washington, iwe kwenye harusi, hitima au zile nyama choma za kiangazi, hakosekani kijana mmoja wa kutuvuta pembeni na kutuuliza swali lile lile: "Kaka zangu, nimeanza kazi ya mapaa. Ninunue tela la tipa, au niendelee kukodi makontena?" Huwa tunacheka kwanza, kisha tunatazamana, kwa sababu jibu la swali hilo sisi tulilipata kwa bei ghali. Basi tumeona ni heri tuliandike mara moja humu kuliko kulisimulia nusu nusu kila penye pilau.

Sisi ni watatu: ndugu wawili wa tumbo moja na binamu yetu, wote wazaliwa wa Muheza, mkoani Tanga. Tulifika Maryland kwa nyakati tofauti kati ya 2001 na 2006, na kama wengi wenu tulibeba maboksi ya kila aina. Tulilinda maegesho ya magari katikati ya jiji, tukaogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, tukaosha masufuria makubwa kuliko yale ya shughuli za kwetu. Kazi ya mapaa hatukuitafuta, ilitufuata. Ijumaa usiku, tarehe 29 Juni 2012, baada ya joto kali la mchana kutwa, ulikuja upepo mkubwa uliotoka huko magharibi na kuvuka majimbo kadhaa kwa saa chache. Wenye umri hapa wanaukumbuka. Miti ililala juu ya nyumba, umeme ukakatika kwa siku nyingi, na asubuhi yake kila mwenye mikono miwili alikuwa anahitajika juu ya paa. Binamu yetu aliitwa na jirani yake, fundi mzoefu kutoka El Salvador, akasaidie kubeba. Wiki ya pili akatuvuta na sisi. Ndiyo ikawa kazi.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayotosha kuieleza kazi yenyewe: kuezeka na kuezua. Mteja analipia kuezeka, lakini jasho lote la asubuhi ni la kuezua. Unapanda na koleo lenye meno, unang'oa vigae vya lami vilivyokaa miaka 20 au 25, pamoja na karatasi ya lami iliyo chini yake na maelfu ya misumari, unavitupa chini. Saa sita mchana paa liko wazi, mbao zinaonekana, na chini kuna kilima cha takataka. Kilima hicho kiende wapi? Hilo ndilo swali la kijana wetu, na usidhani ni swali dogo. Mafundi wengi wanajua kupiga msumari. Wanaofilisika, mara nyingi wanafilisishwa na kilima.

Tuanze na kontena. Kwa asiyelijua, ni lile sanduku kubwa la chuma lisilo na mfuniko, linaloletwa na lori na kushushwa mbele ya nyumba. Hupimwa kwa yadi za ujazo: 10, 15, 20, 30 mpaka 40. Hapa ndipo mgeni anapoteleza. Anaona paa ni kubwa, anaagiza kontena kubwa. Kumbe vigae vya lami ni kama mchanga, vinamaliza uzito kabla ya kumaliza nafasi. Mafundi wa hapa hupima paa kwa "skweya", yaani eneo la futi za mraba 100. Vigae vya skweya moja, kutegemea aina, vina uzito wa ratili 200 mpaka 350 na zaidi. Chukua nyumba ya kawaida ya Wheaton au Bowie yenye skweya 24, hesabu ratili 250 kwa kila moja: hizo ni ratili 6,000, yaani tani tatu za Kimarekani, maana tani yao ni ratili 2,000, kama kilo 907. Bado hujaweka misumari na mbao zilizooza. Na kama mwenye nyumba wa zamani aliezeka juu ya paa kuukuu bila kuezua, jambo ambalo kanuni za ujenzi za sehemu nyingi huliruhusu mara moja tu, basi zidisha kwa mbili.

Mwaka 2018 sisi tulikuwa tukilipa dola 525 kwa kontena moja, uzito usiozidi tani tatu. Kila tani ya ziada dola 90. Kwa wastani, kazi kwa kazi, ilitufikia dola 560. Uzuri wa kontena ni kwamba lipo pale pale, unatupa moja kwa moja, na mtu mwingine ndiye anayelihangaikia. Ubaya wake utaujua kwa kuishi nalo. Likikaa usiku mmoja, majirani wanakuletea godoro lao, na godoro lile linapimwa kwa jina lako. Usipotandika mbao chini ya magurudumu yake, linachimba lami ya mteja. Ukiwa ndani ya Wilaya yenyewe ya Columbia, zile nyumba za kushikana za Petworth au Capitol Hill mara nyingi hazina uwanja wa mbele wa kutosha, hivyo kontena linakaa barabarani, na kukaa barabarani kunataka kibali cha Idara ya Usafiri ya Wilaya. Kibali kina ada na tarehe zake. Mvua ikinyesha siku ya tarehe hizo, ni shauri yako.

Kilichotuchosha hasa ni siku moja ya Septemba 2018. Kontena liliahidiwa saa moja asubuhi. Saa nne halijaja, tukapiga simu, tukaambiwa liko njiani. Tulikuwa watu sita tunaolipwa kwa siku. Tukasema tuezue, tukaweka vigae juu ya maturubai kwenye majani ya mteja. Kontena lilikuja kesho yake saa nane, na katikati ya hapo mvua ilinyesha usiku kucha. Bustani ya yule mama mwenye nyumba iligeuka tope jeusi lenye misumari. Tulipita na sumaku mara nne, tukanunua majani mapya, tukamrudishia dola 400. Njiani kurudi, mdogo wetu akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Tununue tela letu."

Tela la tipa ni tela la chuma lenye pampu ya haidroliki inayotumia betri. Unabonyeza kitufe, sanduku linainuka, mzigo unamwagika wenyewe. Lile tulilolitaka lilikuwa la futi 14, uzito wake wote unaoruhusiwa ratili 14,000. Tela lenyewe tupu lina ratili kama 4,000, kwa hiyo linabeba 10,000, yaani tani tano. Paa la kawaida la tabaka moja linaingia lote kwa safari moja. Bei ilikuwa dola 8,900, na kwa vifaa vya breki, turubai na tairi la akiba ikafika 9,600.

Fedha hizo hatukuwa nazo. Tulikuwa nazo, lakini hazikuwa zetu.

Tufafanue. Kule Muheza mama yetu alikuwa anaishi kwenye nyumba ya miti na udongo aliyoijenga marehemu baba, yenye mabati yaliyoota kutu mpaka ukiwa ndani mchana unaona nyota. Pembeni yake tulikuwa tumemjengea nyumba ya matofali, vyumba vinne, kuta zimefika juu, lenta imefungwa. Kilichobaki kilikuwa kenchi na mabati. Kwa miaka miwili tulikuwa tunaweka fedha za paa hilo kidogo kidogo kwenye akaunti moja, sisi wote watatu, maana binamu yetu naye amelelewa na mama huyo huyo. Mwanzoni mwa 2019 ilikuwa na dola 6,800. Hizo zilitosha.

Tulikaa jikoni Silver Spring usiku mmoja wa Februari, tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Mkubwa wetu alisema hapana, fedha ya paa ni ya paa. Mdogo akasema tela litazirudisha kabla ya vuli, na zaidi. Binamu alinyamaza, na kwetu sisi kunyamaza ni kukubali. Kesho yake tukampigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za huko, njema. Tukamweleza kwamba tumepata chombo cha kazi, na kwamba paa litachelewa miezi michache tu. Hatukumwambia chombo kinanunuliwa kwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, paa langu halikimbii. Lakini na mvua nayo haingoji mtu." Tukacheka, tukamwahidi mabati kabla ya vuli.

Basi tela likaja, na kusema kweli lilikuwa zuri. Miezi ya kwanza tulijiona matajiri. Hatumngojei mtu, tunalisogeza mpaka chini ya paa, jioni uwanja wa mteja uko safi, na wateja wanapenda hilo kuliko unavyodhani. Ila tulianza kujifunza yale ambayo bahasha yetu haikuyaandika.

La kwanza, sheria. Eneo letu hili ni mji mmoja kwa macho, lakini ni majimbo mawili na Wilaya. Ukivuka daraja kwenda Virginia kwa kazi, au ukipita Eastern Avenue kuingia Wilayani, umefanya biashara ya kati ya majimbo. Gari na tela la kazi, uzito wao unaoruhusiwa ukizidi ratili 10,000, vinataka namba ya Idara ya Usafiri ya shirikisho, na dereva awe na cheti cha afya. Tena angalia pikapu yako. Gari na tela vikijumlishwa na kufika ratili 26,001, na tela lenyewe likiwa zaidi ya 10,000, unatakiwa leseni ya kibiashara ya daraja A. Pikapu yetu ilikuwa ya 10,000, pamoja na tela 24,000, tukasalimika. Rafiki yetu mwenye pikapu ya magurudumu sita ya 14,000 alinunua tela kama letu, akajikuta yuko kwenye 28,000 bila kujua. Na njia pia zina wenyewe: barabara ya Baltimore-Washington Parkway, ile sehemu iliyo chini ya Hifadhi za Taifa, hairuhusu malori, na George Washington Memorial Parkway haitaki magari ya biashara.

La pili, mahali pa kulaza. Mtaa wetu una chama cha wenye nyumba, na chama kina kijitabu, na kijitabu kinakataza tela. Wiki ya pili tukapata barua. Tukakodi sehemu kwenye uwanja wa fundi magari, dola 150 kwa mwezi.

La tatu, dampo lenyewe. Montgomery wana kituo chao cha Shady Grove, pale Derwood. Prince George's wana dampo la Brown Station Road, Upper Marlboro. Fairfax wana kituo cha West Ox Road na kile cha Lorton. Vipo na vya watu binafsi. Kila mahali pana masharti yake, hasa kuhusu taka zilizotoka nje ya kaunti, kwa hiyo uliza kabla hujaondoka. Unapita juu ya mizani ukiwa umejaa, unamwaga, unapita tena ukiwa mtupu, unalipia tofauti. Sisi tulilipa kama dola 75 kwa tani. Kinachouma ni foleni, maana wakati tela liko kwenye foleni, mmoja wa watu wako hayuko juu ya paa. Na ardhi ya dampo imejaa misumari, hata ile uliyoileta mwenyewe wiki iliyopita. Pancha tulizipata mpaka tukazoea.

Hesabu yetu ya kweli, siyo ya bahasha, ilikuja kuwa hivi. Kazi moja ya tani tatu na kidogo: dampo dola 247, mafuta 25, saa mbili na nusu za dereva 62. Jumla 334. Ukilinganisha na 560 za kontena, unaokoa dola 226 kwa kila paa. Lakini kwa mwaka tela linakula: uwanja 1,800, bima na namba 600, tairi, betri, breki na grisi 900. Jumla 3,300. Maana yake mapaa 15 ya kwanza ya mwaka ni ya kulilisha tela lenyewe. Faida inaanza paa la 16. Sisi tulikuwa tunafanya mapaa 34 kwa mwaka, hivyo ilitubakia kama dola 4,400, na bei ya tela ingerudi kwa miaka miwili na kidogo. Si kabla ya vuli. Hesabu ile ya jikoni ilikuwa hesabu ya watu wanaotaka kununua.

Hata hivyo, mpaka Agosti 2019 tulikuwa tumesharudisha dola 3,400 kwenye akaunti ya mama, sehemu kutoka kwenye tela, sehemu kutoka mifukoni. Tukaona tunafika.

Agosti hiyo tukapata paa Wheaton, skweya 26. Tulipoanza kuezua tukakuta tabaka mbili. Mzigo ulikuwa unakaribia ratili 13,000, na sisi tulijua, maana kuhesabu tunajua. Zilitakiwa safari mbili. Ilikuwa saa tisa alasiri, kituo kinafungwa, kesho tuna kazi nyingine, wingu linatanda. Tukasema tupakie zote, ni safari fupi. Nani alisema? Tumekwishagombana sana juu ya hilo, na tumekubaliana kwamba tulisema sote. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi mzigo wa tela tuliuona usufi.

Kwenye barabara ile ya mzunguko, ya 495, tairi la nyuma kulia lilipasuka. Tela likayumba, turubai likafunguka, vigae vikaruka kama kunguru. Kimoja kilipiga kioo cha gari lililokuwa nyuma yetu. Ndani yake alikuwemo mama mmoja, na kiti cha nyuma mtoto wake wa miaka kama mitatu. Kioo kilipasuka lakini hakikuingia ndani. Yule mama aliweza kusimama pembeni, akashuka, akamtoa mtoto, akamkumbatia, akawa anatutazama bila kusema neno. Tungependa atutukane. Hakututukana. Mtoto ndiye aliyekuwa analia, na sauti ile mpaka leo mmoja wetu huisikia akifunga turubai.

Askari wa barabarani walikuja, wakapima, wakaandika, tela likazuiwa pale pale mpaka mzigo upunguzwe. Faini 480. Kuvutwa 350. Ekseli na tairi 1,150. Kioo cha yule mama 420. Wiki tatu bila tela tukarudi kwenye makontena, tukapoteza kama 900. Ukijumlisha ni dola 3,300. Akaunti ya mama ilikuwa na 3,400. Ikabaki mia.

Vuli ya mwaka 2019 ilikuwa kubwa, ndugu msomaji. Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, na mvua ikaipiga Afrika Mashariki nzima kuanzia Oktoba, mafuriko Kenya, Somalia, Tanzania. Sisi tulikuwa tunaitazama kwenye simu. Kila siku tunampigia mama, kila siku anasema hajambo, kunavuja kidogo, ameweka ndoo. Usiku mmoja wa Novemba, saa tano za huku, saa moja asubuhi ya kule, simu ikalia na haikuwa sauti yake. Alikuwa jirani. Ukuta wa nyuma wa nyumba kuukuu umeanguka alfajiri. Mama alikuwa ameamka kutia udhu, yuko uani. Kitanda chake kimefukiwa.

Alipopewa simu hakutulaumu. Hakututajia ile methali ya ufa na ukuta. Hakuwa na haja nayo, ukuta wenyewe ulikuwa umelala chini. Alisema tu, "Niko kwa mwenzangu hapa, nimekunywa chai. Nyie mmekula?" Tuliokuwa watu wazima watatu, mmoja ana mvi, tulikaa kwenye ngazi tukalia kama watoto.

Halafu tukagombana. Mkubwa alitaka tela liuzwe kesho yake. Mdogo alisema ukiliuza sasa umepoteza mara mbili. Kwa siku nne hatukusemeshana, tunafanya kazi paa moja kama mabubu. Aliyetupatanisha ni binamu, yule aliyenyamaza Februari. Alisema, "Mimi kosa langu ni kunyamaza, basi leo nasema. Tela halikumuangusha mama ukuta. Ni sisi. Tela libaki, lakini lilipe." Akaenda kwa wenzetu wa upatu, wanawake na wanaume kumi na wawili wa Langley Park na Hyattsville, akawaeleza yote bila kuficha hata lile la kioo. Zamu ya Desemba ilikuwa ya dada mmoja aliyekuwa ameipangia nauli ya kwenda nyumbani. Akatuachia. Hatutamtaja jina, yeye mwenyewe hapendi, lakini anajijua, na akisoma hapa tunasema tena asante.

Januari 2020, kaskazi, jua kali, mafundi wa Muheza wakapandisha kenchi na mabati ya geji 28. Tulitazama kwenye simu, picha inakwama kwama, sisi watu wa kuezeka mapaa ya wageni tunawaangalia wenzetu wakituezekea la kwetu. Mabati makuukuu ya baba hayakutupwa. Mazuri yalienda banda la kuku, yaliyotoboka yakawa uzio wa choo, na vipande vikachukuliwa na watoto. Mama akatuuliza, "Na hayo mnayoyang'oa huko, mnayapeleka wapi?" Tukamwambia yanakwenda dampo, mama, mengi yanafukiwa, ingawa kuna sehemu husagwa na kuchanganywa kwenye lami ya barabara. Akashangaa. "Mnazika paa?" Hatukuwa na jibu zuri.

Tunamalizia kwa kumjibu kijana wetu, kama tulivyoahidi.

Kama unafanya mapaa chini ya 15 kwa mwaka, kodi kontena, lala usingizi. Bei zimepanda tangu enzi za hesabu yetu, makontena na madampo yote mawili, kwa hiyo piga hesabu upya kwa bei za leo, lakini njia ni ile ile: tafuta unachookoa kwa paa moja, gawanya gharama za mwaka kwa hicho, upate namba yako. Ukiwa juu ya namba hiyo, na una mahali halali pa kulaza tela, na dereva mwenye makaratasi, nunua. Nyumba za kushikana za Wilayani, fikiria kila kazi peke yake, maana hata tela likitaka kushikiwa nafasi barabarani linahitaji kibali. Paa la tabaka mbili ni safari mbili, au kontena. Usibishane na mizani, itakupima tu. Sisi mpaka leo tunalo lile lile tela, na kontena tunakodi mara nne tano kwa mwaka, wala hatuoni aibu.

Neno la mwisho halihusu tela. Kila mmoja wetu huku ana akaunti moja, au bahasha moja, au kopo moja lenye fedha ya mtu aliye nyumbani. Ya paa, ya kisima, ya dawa. Ukiwa na shida utaiona inakutazama. Ukiona lazima uiguse, basi kwanza mpigie simu mwenyewe, umwambie kiasi, umwambie ni kwa nini, umwambie na hasara ikitokea itakuwaje, kisha umuache aseme hapana. Sisi mama yetu hatukumpa nafasi ya kusema hapana.

Mama bado yupo, tunashukuru, na mvua ikinyesha hutupigia tuisikie inavyolia juu ya bati. Kila paa tunalomaliza tunaweka kando dola kumi, za kwake, kwenye akaunti ambayo kadi yake anayo yule dada wa upatu. Sisi hatunayo, na hatuitaki.

Tuonane toleo lijalo, inshallah.